Mbwa Mpole Si Mbwa Mwenye Adabu

Yeyote aliyeishi Uingereza kwa muda amewahi kuambiwa sentensi hii, aghalabu na mtu aliye hatua thelathini nyuma ya mbwa wake: usiogope, ni mpole, anataka kucheza tu. Husemwa kwa tabasamu. Husemwa wakati miguu ya mbele ya mnyama imekwisha kupanda kifuani mwa mtoto, au wakati mama mtu mzima mwenye buibui ameegemea ua wa watu akisubiri kudura ya Mungu. Na husemwa kana kwamba ni jibu. Nadai katika makala haya kwamba si jibu hata kidogo. Upole ni tabia ya mnyama. Adabu ni kazi ya mwenye mnyama, na kazi hiyo ama imefanywa ama haikufanywa. Nadai pia kwamba sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili ughaibuni tumeiachia sentensi hiyo itutawale, ilhali lugha yetu na elimu yetu ya kale zina silaha zote za kuikabili.

Huenda msomaji akauliza mbwa wamefikaje kwenye jarida la insha za fasihi. Wamefika kwa njia ya mandari. Chama kimoja cha Waswahili katika mji ninaofundisha kilibishana kwa mikutano mitatu mizima juu ya mandari yake ya kiangazi, kwa sababu familia mbili changa zilitaka kuja na mbwa wao. Wazee walisema mbwa si mila yetu. Vijana wakasema mbwa ni mwanafamilia, na asiyempenda ana tatizo lake mwenyewe. Kura ikapigwa, mbwa wakakatazwa, familia zile hazikuja, na moja kati yake haijatia mguu chamani tangu siku hiyo. Watoto wa familia hiyo ni watatu, na darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lilikuwa na watoto kumi na mmoja. Sasa lina wanane. Nilihudhuria mikutano yote mitatu, na sikumsikia mtu akiuliza swali lililostahili kutangulia mengine yote: mbwa hao wamefundishwa nini?

Nianze na upande wa wazee, kwa kuwa upande huo ndio unaodharauliwa zaidi hapa tulipo. Hofu ya Mswahili kwa mbwa si ushamba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wa Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Mtoto aliyelelewa Tanga au Bujumbura akaambiwa asimkaribie mbwa asiyemjua alipewa elimu ya afya, na elimu hiyo ilikuwa sahihi. Kwamba mbwa wa Uingereza leo hawana ugonjwa huo ni habari njema, lakini mwili haufuti mafunzo yake kwenye dawati la uhamiaji.

Na fasihi yetu inakumbuka. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mbwa wanaozurura usiku humtia Yusuf kiwewe, na riwaya hufikia mwisho wake mbele ya mbwa wanaokula kinyesi pale askari wa Wajerumani walipopiga kambi. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967) mbwa wa Dakta Lynd anamjia Karanja, na Karanja aliyeokota jiwe kujikinga ndiye anayekemewa. Tukio hilo lingeweza kuhamishiwa bustani yoyote ya London bila kubadilisha kitu isipokuwa mavazi. Anayeogopa ndiye mkosa. Mwenye mbwa ndiye aliyekwazwa.

Kisha kuna kibao cha getini. Nairobi kimeandikwa Mbwa Kali, na wanafunzi wangu wa isimu hucheka: kiambishi kimeanguka, ilipasa kuwa mbwa mkali. Mimi sicheki sana. Kiswahili kile kisicho na upatanisho ni cha mabwana shamba wa kizungu, waliokizungumza na watumishi wao kwa amri tupu, na mbwa wa kwanza wa kibao hicho alikuwa wao. Tumelirithi geti, tumemrithi mbwa, tumelirithi na kosa la sarufi. Chunguza pia maneno ambayo mbwa wa geti huambiwa: shika, kamata, toka. Mawili ya kumrushia mtu na moja la kumfukuza mbwa mwenyewe. Hilo ndilo somo zima. Lugha yenye wingi wa vitenzi kama yetu imempa mbwa vitatu, na hakuna hata kimoja kinachomwomba ajizuie.

Hapo ndipo ninapoachana na wazee wangu. Wanaposema kumfundisha mbwa ni anasa ya Wazungu, wanaitoa mikononi mwetu mali ambayo ni yetu. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na inaeleza kwamba wafundishaji humpa mnyama sehemu ya elimu waliyopewa wao na Mungu. Neno linalowataja wafundishaji hao katika aya hiyo limetokana na jina lenyewe la mbwa. Wanafiqhi wakauliza, kama ilivyowapasa: tutamjuaje aliyefundishwa? Wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, wakaweka masharti: akitumwa aende, akizuiwa aache, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka iaminike kwamba ni tabia na wala si bahati. Mbwa huyo wakamwita muallam. Mwanafunzi yeyote wa etimolojia ataona mara moja kwamba jina hilo ni ndugu wa mwalimu na wa elimu.

Yasomeni tena masharti hayo, kisha mwende mkasikilize darasa lolote la mbwa katika ukumbi wa mtaa hapa Uingereza, Jumatano jioni, watu wanane wamevaa makoti ya mvua. Njoo ukiitwa. Acha ukiambiwa. Usiguse kilicho mbele yako mpaka uruhusiwe. Mtihani ni ule ule. Tofauti ni kwamba wanafiqhi waliunganisha matokeo yake na uhalali wa chakula, yaani walilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wengi wa hao wenye makoti.

Nataka nieleweke. Sizungumzii hapa twahara ya mate ya mbwa, ambayo Mashafi na Wamaliki wanahitilafiana, wala hukumu ya kumfuga bila haja. Wenye fani wapo. Tena si kila Mswahili ni Mwislamu, na msomaji wa Lubumbashi ana njia yake ya kulifikia suala hili. Ninachokataa ni dai la kihistoria kwamba fikra ya mbwa mwenye adabu ni ngeni kwetu. Hata methali ambayo wazee walinitupia katika mkutano wa pili, kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, haimlaumu mbwa. Inamlaumu aliyecheza naye asimwekee mpaka. Na mbwa wa watu wa pangoni, katika Suratul Kahf, alilala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Yupo pamoja na watu wake, naye amebaki mlangoni. Wapo Waingereza wanaolipa pauni nyingi ili mbwa wao afike hapo.

Sasa vijana. Kwao ninasema kwa ukali zaidi, maana wao ndio wenye mbwa, na mwenye mbwa ndiye mwenye deni.

Mmeichukua sentensi ya bustanini na kuitafsiri. Ni mpole, mjomba, hana neno. Sina shaka kwamba ni mpole. Lakini mbwa anayemkimbilia kila mpita njia kwa furaha ni mbwa asiyefundishwa, sawasawa na anayemkimbilia kwa hasira, na mpita njia hana wajibu wa kusoma mkia ili atofautishe. Barabara ya watu wote haihitaji mbwa anayempenda kila mtu. Inahitaji mbwa anayempita mtu kama anavyolipita sanduku la posta. Kupuuza ndiyo adabu kuu ya mbwa hadharani, nayo hufundishwa. Haiji na maziwa ya mama.

Hufundishwaje? Kwanza jikoni. Unafumba kipande cha nyama ndani ya ngumi na kumpa mbwa ngumi. Atailamba, ataikwaruza, atalalamika. Wewe husemi kitu wala huikazi shingo yake. Baada ya dakika moja au tatu atachoka na kuugeuza uso, na papo hapo, katika sekunde ile ile, unasema neno la kumsifu na mkono unafunguka. Ukichelewa umemlipa kwa jambo jingine, pengine kwa kupiga chafya. Ukirudia siku kadhaa, mbwa anaanza kuugeuza uso mara aionapo ngumi, na hapo ndipo unapoliweka neno acha juu ya tendo ambalo tayari analifanya. Neno huja mwisho. Wengi wetu huanza na neno, tukalipigia kelele, tukashangaa kwamba mnyama hajui Kiswahili.

Kamba nayo ina kanuni ya kuchosha: ikikaza unasimama, ikilegea unaendelea. Siku ya kwanza utatumia dakika ishirini kufika pembeni mwa nyumba yako, na majirani watadhani umepoteza kitu. Mwito una kanuni ya heshima: usimwite mbwa ili umkaripie, hata kama amekula kiatu, kwa sababu atakachojifunza ni kwamba kuja kwako kuna gharama. Mpaka mwito uwe wa uhakika, kamba ndefu ya mita kumi haitoki. Anayerukia wageni hapati jicho wala mkono mpaka miguu yote minne iwe chini.

Gumu kuliko yote ni hili: mbwa hajumlishi kama sisi. Aliyejifunza kuketi jikoni hajajifunza kuketi kituo cha basi. Somo hupandishwa ngazi, jikoni, uani, mtaa mtulivu, nje ya lango la shule saa tisa alasiri, na katika kila ngazi unaanza karibu upya. Kuna kipimo chepesi cha kujua kama umeharakisha. Mbwa akikataa nyama aipendayo, uko karibu mno na kinachomshtua. Rudi nyuma hatua kumi. Wenye mbwa wengi hufanya kinyume. Wanasogea ili azoee, na anachozoea ni kubweka.

Samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali ina ushahidi wa maabara. Scott na Fuller, katika utafiti wao uliochapishwa 1965 baada ya miaka mingi ya kulea mbwa huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, kuanzia wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na mbili au kumi na nne, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani. Asichokiona wakati huo huenda kikamtisha maisha yake yote. Aliyekua bila kumwona mtu wa kanzu, wa buibui, wa kiti cha magurudumu au wa mwavuli atambwekea kwa ugeni. Mbwa hasomi magazeti. Mwenye mbwa anayasoma, naye alikuwa na wiki kadhaa za kumkalisha mnyama wake kwa mbali, kwa utulivu, akiwatazama watu wa mji wake walivyo. Anayekaa mtaa wenye Wasomali, Wapolandi na Wazanzibari akamlea mbwa wake akiona Waingereza tu amefanya uchaguzi, hata kama hakuuona kuwa ni uchaguzi.

Wapo pia wetu wanaofundisha, ila kwa mkono mzito. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba yeye humtia mbwa wake adabu kwa mnyororo wa kukaba, kama tulivyotiwa sisi adabu shuleni. Hapo mwalimu wa lugha ndani yangu alisikitika kuliko mpenda wanyama. Katika Kiarabu neno adab hubeba malezi, uungwana na hata fasihi yenyewe. Sisi tumelishusha mpaka kumtia mtu adabu kukawa ni kumchapa. Adabu na adhabu hutengwa na herufi moja, ingawa asili zao hazihusiani kabisa, na sikio la mwalimu mwenye bakora limekwisha kuziunganisha. Twaweza kumuuliza mbwa ipi kati ya hizo mbili anayoielewa, naye hujibu wazi: aliyekabwa shingo kila alipomwona mtoto hujifunza kwamba watoto huleta maumivu. Huacha kunguruma, kwa kuwa kunguruma kuliadhibiwa. Siku moja huuma bila onyo, na mwenyewe huwaambia watu kwamba hakuwa na dalili.

Fundisho la kwamba lazima umtawale mbwa kama kiongozi wa kundi la mbwa mwitu nalo limechakaa. Lilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel wa 1947 juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, likaenezwa na kitabu cha David Mech cha 1970, na Mech mwenyewe alipowachunguza mbwa mwitu porini aliandika 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Aliyetafuta mfalme alikuta wazazi. Wales imepiga marufuku mikanda ya umeme ya shingoni tangu 2010. Lugha yetu ina neno lililo bora kuliko kutawala, nalo ni kufunda. Kungwi hamfundi mwali kwa kumvunja. Humweleza duniani kuna nini na yeye asimame wapi.

Kwa wale wanaodhani kwamba ninamlinda mwenye hofu kupita kiasi, sheria ya nchi hii imenitangulia. Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 inamhesabu mbwa kuwa ameshindikana kwa njia ya hatari pale panapokuwa na sababu ya maana ya kuogopa kwamba atamjeruhi mtu, awe amemjeruhi au la. Tangu 2014, kwa England na Wales, hilo linahusu hata ndani ya nyumba na nyua za watu binafsi. Kwa ufupi, hofu yenye sababu ina hadhi mbele ya hakimu. Ni bustanini tu ambako inachekwa. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya aina za mbwa zilizopigwa marufuku, ikaongezewa aina ya XL Bully, ambao tangu Februari 2024 hawafugwi England na Wales bila cheti cha msamaha. Magazeti yalijaa orodha. Kifungu cha hofu, ambacho kinamgusa kila mwenye mbwa wa aina yoyote, hakikuandikiwa hata robo ya maneno hayo.

Nyumbani kwetu tunaye mbwa, na kamati inajua. Anafundishwa kwa Kiswahili. Tulichagua keti badala ya kaa, kwa sababu kaa, lala na acha zina irabu zile zile na mbwa husikiliza irabu kabla ya konsonanti, au ndivyo inavyoelekea kwa huyu wetu. Njoo ni zawadi ya sarufi: amri isiyofuata kanuni, yenye irabu ndefu isiyofanana na nyingine, nayo husafiri mbali penye upepo. Subiri inamtosha mlangoni. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, humwamuru mbwa kwa Kiswahili safi na kunisahihisha mimi nikisema taratibu mno. Juzi alitaka kujua kwa nini tunasema njoo na hatusemi ja. Sijapata mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeuliza hivyo kwa hiari yake.

Mandari ya mwaka huu ni mwezi wa saba, na kamati itakutana mwezi wa nne. Nitaweka mezani pendekezo ambalo nimekwisha kuwaonyesha pande zote mbili, na hakuna aliyelipenda. Mbwa waruhusiwe kwa mtihani, nao uwe ule wa wanafiqhi, ufanywe wiki mbili kabla, katika bustani hiyo hiyo, mbele ya mzee mmoja na kijana mmoja. Aitwe akiwa anacheza, aje. Azuiwe njiani, asimame. Sahani ya biriani iwekwe chini hatua tatu kutoka alipo, asiiguse. Cha nne nimekiongeza mimi: mtu mwenye buibui na mtoto anayekimbia wapite karibu naye, naye asiinuke. Siku ya mandari kamba isizidi mita mbili, mahali pa mbwa pawe ukingoni upande usiopelekea msala na maji ya udhu, na mwenye mbwa ndiye atakayehama mtu akionyesha hofu. Mwenye mbwa yeyote atakayesema siku ya mtihani kwamba wake ni mpole, ahesabiwe amefeli, na nafasi ya kurudia apewe mwaka unaofuata.